Madoa ya Jumanne

Mwezi mzima wa Julai jua lilikataa kutoka pale mlimani juu ya Runyenjes, na nguo za Ciakuthii zilikauka mahali pamoja tu: darini mwa jiko, juu ya mafiga, kando ya mahindi ya mbegu na kuni za kesho. Hapo ndipo alipoanika pia koti jeupe la mjukuu wake, Wawira. Kila Jumatatu jioni lilikuja, likafuliwa, na Jumanne asubuhi likarudi kazini limepigwa pasi ya makaa. Mtoto wa kwake asingeonekana mjini na kola chafu.

Wawira alikuwa kwenye majaribio ya miezi mitatu katika karakana ndogo huko Embu. Walitengeneza vifereji vyembamba kuliko unywele, ambavyo siku moja vingepima sumu ya ukungu kwenye mahindi. Ciakuthii aliiulizia kazi hiyo mpaka akaielewa. Kisahani kinachong'aa kinamwagiwa dawa nzito kama asali, kinazungushwa mbio mpaka dawa itandae sawasawa, kinakaushwa juu ya jiko la umeme, kisha kinamulikwa kupitia mchoro. Palipopata mwanga panakuwa pagumu. Palipofichwa panaoshwa, pakabaki mfereji. Tabaka la kwanza ni la Jumatatu, la pili linapakwa juu yake Jumanne.

"Ni kama kukandika nyumba tu," Ciakuthii alisema. "Tope la kwanza likauke ndipo upake la pili."

Hilo la pili ndilo lililowatesa. Jumatatu kisahani kilikuwa safi, Jumanne kikatoka na madoa. Kwanza walidhani ni mapovu, wakaiacha chupa ya dawa itulie kutwa. Madoa yakarudi. Wakadhani kisahani kinapoa haraka mno, wakakiacha kipoe polepole juu ya jiko lenyewe. Nyufa ndogo zilizokuwepo pia zikaisha, madoa yakabaki. Wiki ya tatu Wawira akasema mbele ya mkuu wao, Bwana Ireri, kwamba huenda jiko ni chafu. Mwenye kulitunza alikuwa Mbaka, fundi wa makamo, mtu wa maneno machache. Aliambiwa ajieleze. Hakujieleza. Alilisugua lile jiko kama sufuria ya harusi, basi. Ireri akasema Jumanne ijayo ndiyo ya mwisho. Wakishindwa, kazi itapelekwa Nairobi, na nafasi ya Wawira iende nayo.

Ijumaa hiyo Wawira alifika nyumbani na picha ya doa kwenye simu, iliyopigwa kwa hadubini. Ciakuthii akavaa miwani. Aliona punje nyeusi, na nyuma yake mkia mrefu, kama kiluwiluwi dimbwini.

"Na huu mkia?"

"Dawa ikizungushwa, Cucu," Wawira alimweleza bibi yake, "ikikuta kitu inagawanyika. Kama maji ya mto yakikuta jiwe."

"Basi hiyo punje ilikuwa hapo kabla ya jiko. Mbona mnamsumbua mwenye jiko?"

Wawira alikula githeri kidogo akasukuma sahani.

Kesho yake Ciakuthii alishusha darini kitambaa chake cheupe cha kanisani. Akakikung'uta mlangoni kama kawaida, na kwa bahati mawingu yalikuwa yamepasuka kidogo, mwale wa jua ukaingia. Ndani ya mwale akaona vitu vidogo vyeusi vikielea, vyepesi, bila haraka ya kutua. Akakitazama kitambaa. Cheupe. Akakikung'uta tena. Vikatoka tena.

Akaketi kwenye kigoda. Koti lilikaa kabatini kazini wiki nzima, masizi yakapukutika, na Jumatatu likawa halina kitu. Jumatatu jioni yeye mwenyewe alilirudisha juu ya moshi. Angeweza kusema dari imeoza, koti likaushwe mjini, na asijue mtu. Lakini Mbaka wa watu angebaki na lawama. Mficha uchi hazai.

Hata hivyo alitaka hakika. Alichukua sahani mbili, akazipaka mafuta ya kupikia, membamba kabisa. Moja akaifunika chumbani. Nyingine akaiweka mezani, akajitanda kitambaa mabegani, akainama juu yake akichezesha mikono kama mtu anayefanya kazi, muda wa kusema sala ya Bwana mara kumi. Kisha akamwita Wawira kutoka shamba la kahawa.

"Wawira mama, anayeharibu kazi yako ni mimi."

Sahani ya chumbani ilikuwa safi. Ya mezani ilikuwa na vidoa kumi na kimoja. Wawira alivihesabu, akainua kitambaa puani.

"Sisikii harufu yoyote."

"Utaisikiaje? Umezaliwa ndani yake."

Wawira aliketi chini, mikono ingali na udongo. Hakumlaumu. Alisema tu, "Nimemchoma Mbaka bure."

"Jumatatu anza na yeye, kabla hata ya kuweka mkoba."

Akafanya hivyo. Jioni alimsimulia Ciakuthii yote. Mbaka alimsikiliza mpaka mwisho, akasema kila Jumanne alikuwa akisikia harufu ya moshi, ikimkumbusha jiko la mama yake huko Mbeere. Wawira akamuuliza kwa nini hakusema. "Binti wa watu," alijibu Mbaka, "unamwambiaje mbele ya mkubwa kwamba ananuka moshi?" Kisha akalichukua koti mwenyewe, mke wake alifue, alikaushe kwa pasi ya umeme.

Jumanne saa kumi simu ililia. Ciakuthii alijifuta mikono kwanza, akaogopa, akaipokea.

"Safi, Cucu. Visahani sita, na hakuna hata kiluwiluwi. Bwana Ireri anasema nibaki."

Koti halikuja tena nyumbani, na Jumatatu jioni Ciakuthii alijikuta ametenga maji ya kufulia bure. Ila Ireri alikuwa na ombi. Karakana ilikuwa na rafu ya uchafu wa kila aina, ili wafanyakazi wapya wajifunze kuutambua, na huu haukuwemo. Ciakuthii alikwangua dari kwa kijiko, akajaza chupa ndogo ya dawa ya kikohozi. Akaandika kwenye karatasi, polepole, kwa mwandiko ule wa darasa la saba: *Masizi ya Ciakuthii. Usikaushe nguo ya kazi juu ya moshi.*

Akaisoma tena. Akaongeza chini: *Mbaka hana hatia.*