Breki Iliyokataa Kuchoka

Kiwandani walimwita Mama Sekunde, na jina hilo hakulipata kwa upole. Kabla hajapandishwa kwenda ofisi ya michoro, alikaa miaka tisa kwenye kaunta ya matengenezo, akipokea misumeno ya umeme kutoka kwa mafundi mbao. Kila msumeno ulioletwa aliuwasha, akaachia kitufe, akahesabu: meno yamechukua sekunde ngapi kusimama? Ukiwa mpya, moja na nusu. Ukishatumika mwaka mmoja, tatu. Uliochakaa kabisa ulifika hata tano, na sekunde tano ni nyingi kwa mtu ambaye mkono wake umeshaanza kufuata ubao.

"Kwenye kitabu cha maelekezo tumeandika pedi za breki zibadilishwe kila baada ya miezi sita," wenzake wa michoro walimwambia.

"Miaka tisa nimekaa pale," aliwajibu. "Waliobadilisha kabla mambo hayajaharibika nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja."

Mkuu wa ofisi, mtu wa maneno machache aliyependa kuchonga penseli wakati wengine wanabishana, aliweka penseli chini. "Basi tengeneza breki inayojua kwamba watu hawasomi vitabu."

Mama Sekunde alijifunga kibwebwe. Ugonjwa wenyewe aliujua. Ndani ya msumeno kulikuwa na mkono mdogo wa chuma, na springi iliyouvuta ili ubane pedi kwenye gurudumu la mota. Pedi ikiliwa, mkono unasogea, springi inalegea, nguvu inapungua. Alijaribu springi nene zaidi. Msumeno ukiwa mpya ulisimama kwa kishindo, karibu umtoke mtu mikononi. Alijaribu springi mbili, zikagombana. Kapu la takataka likajaa michoro.

Jibu lilimjia akiwa anasukuma mlango mzito wa stoo, mikono imejaa maboksi. Aliusukuma kwa bega karibu na bawaba, haukwenda. Akasogea mpaka kwenye kitasa, ukafunguka bila shida. Alisimama pale na maboksi yake, mlango wazi, watu wakimwomba njia.

Springi italegea tu, hilo hakuna wa kulizuia. Lakini kama kila inapolegea itakuwa inauvuta mkono kutoka mbali zaidi na bawaba unapozungukia, kinachopungua huku kitaongezeka kule. Akauchora ule mkono upya, akaupa mgongo uliopinda ili springi iulalie, na mkono ukizunguka, mahali pa kuvutia pajisogeze penyewe.

Mfano wa kwanza ulijaribiwa mbele ya wote. Pedi mpya: sekunde moja na nusu. Pedi iliyobaki nusu: moja na nusu. Pedi nyembamba kama karatasi: moja na nusu. Ofisi nzima ikapiga makofi, na mkuu akasema mchoro uende karakana ya uzalishaji wiki ileile.

Jumamosi mchana aliubeba msumeno mpaka kwa mjomba wake, aliyestaafu baada ya kutengeneza breki za malori miaka thelathini. Alitaka sifa, hakuona haya kujikubalia hilo. Mzee alifungua kifuniko sebuleni, akavaa miwani, akauzungusha mkono wa chuma kwa kidole mara nyingi.

"Akili nzuri," alisema mwishowe. "Sasa niambie, mama. Zamani fundi alijuaje breki imechakaa?"

"Msumeno ulichelewa kusimama, mjomba."

"Na huu wako?"

Mama Sekunde aliusogeza mkono wa chuma kwa kidole chake.

"Huu wako utasimama vizuri leo, kesho na keshokutwa," mjomba aliendelea bila kupandisha sauti. "Halafu siku moja pedi itakwisha na hautasimama kabisa. Umeiondoa homa, mpwa wangu. Ugonjwa umeuacha."

Maneno hayo yalimchoma, maana yalikuwa ya kweli. Jumatatu asubuhi alikwenda moja kwa moja kwa mkuu na kumwomba aurudishe mchoro.

"Mama Sekunde, watu wameshapiga makofi."

"Wayachukue, mkuu. Nitawaomba mengine."

Mkuu alichonga penseli mpaka ikabaki fupi. "Wiki mbili," akasema.

Zilimtosha siku tisa. Aliuongezea ule mkono mkia, kipande kidogo cha chuma kisichozidi ukucha wa kidole cha mwisho. Mkono ukizunguka pedi zinavyoliwa, mkia nao unasogea taratibu, na pedi zikikaribia mwisho unaingia chini ya kitufe cha kuwashia na kukizuia kisibonyezeke. Msumeno unaozunguka utasimama kama kawaida. Uliosimama hautawaka tena mpaka pedi zibadilishwe.

Majaribio yalipoanza, msumeno ulifungwa kwenye meza, na mashine ikawa inabonyeza kitufe na kukiachia, kubonyeza na kuachia, siku baada ya siku. Mjomba alialikwa, akaja na shati lililopigwa pasi. Mara elfu kumi: sekunde moja na nusu. Elfu kumi na nane: moja na nusu. Ilipopita elfu kumi na tisa kidogo, mashine ikabonyeza, kukasikika *tk*, na msumeno ukakaa kimya.

"Umeungua," alisema mpimaji aliyesimamia mashine, akinyoosha mkono kuchomoa waya.

"Haujaungua," alisema Mama Sekunde. "Umekataa."

Walifungua kifuniko. Pedi zilikuwa zimebaki unene wa ukucha, na mkia umekaa chini ya kitufe mahali alipouchora. Mkuu aliinama, akatazama kwa muda mrefu. Alipoinuka alimpa Mama Sekunde penseli yake.

"Andika jina lako kwenye mchoro. Si la ofisi. Lako."

Aliliandika polepole, herufi zote, mkono umetulia na kifua kimemjaa. Makofi yalikuja, na safari hii aliyapokea yote.

Mjomba alitangulia kutoka. Mama Sekunde alipomfikia getini alimkuta amemshika mlinzi mkono, anamweleza habari za springi, bawaba na mkia, na mlinzi anaitikia kwa kichwa kwa adabu.

"Na aliyeibuni breki hiyo," mzee alikuwa akisema, "ni mpwa wangu. Huyo hapo anakuja. Mtazame vizuri."

Mlinzi akamtazama. Mama Sekunde hakuinamisha uso.