Santuri Yenye Kiraka

Jumapili, saa kumi kasoro dakika tano alasiri, fundi cherehani alifunika cherehani yake, akatia tone la maji kwenye kipande cha flaneli na kufuta santuri kwa mzunguko, asiguse lebo. Aliilaza juu ya gramafoni, akabandika sarafu kwenye mkono wa sindano ili isirukeruke, kisha akaenda kufungua mlango. Mumewe alikuwa amesimama kizingitini, anafuta viatu. Alikuwa amefariki mwaka uliopita, mwezi wa tano, na tangu wiki ya tatu baada ya mazishi hakuwahi kukosa Jumapili hata moja.

"Hujambo, mama watoto?"

"Sijambo. Pita, inaanza."

Alikaa kwenye kiti chake. Enzi za uhai wake alikuwa mkaguzi wa tiketi kwenye treni, na kila kituo kikubwa alikoshuka alinunua santuri. Zilikuwa mia tatu na kumi na mbili, zimejaza ukuta mzima, hata vitambaa vya wateja wa mkewe vikahamia chini ya kitanda. Kwenye kila jalada aliandika jina lake kwa kalamu ya wino, akikandamiza kama mtu anayechonga. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Hawakumjua mkaguzi huyu.

Utaratibu ulikuwa uleule wa miaka arobaini. Fundi aliweka sindano, akasikia mistari miwili ya wimbo wa kwanza, akaenda jikoni kuchemsha chai. Upande ulipokwisha, sauti ilimfuata hukohuko: "Mama watoto! Imekwisha." Alirudi, akageuza, akasikia mistari miwili mingine, akaenda kuosha vikombe. Hivyo katika santuri mia tatu na ushee alijua mwanzo wa kila upande na mkwaruzo wa mwisho. Ya katikati waliyajua majirani.

Binti yao, mwalimu wa shule ya msingi, alipokuja kumsalimia mama yake alimkuta baba sebuleni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekonda. Usikanyage waya."

Mwalimu akamfuata mama jikoni. "Mama, si ajigeuzie mwenyewe?"

"Hawezi. Akiigusa, mkono unapita katikati kama moshi."

"Na kikombe?"

"Kikombe anashika."

Mwalimu alichungulia sebuleni. Baba yake alikuwa akinywa chai vizuri tu, kidole kimoja kimeinuliwa.

"Mama, wewe unataka nini hasa?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo, na jibu lilimtoka upesi kuliko alivyotarajia. "Nataka kukaa kitako nisikilize upande mmoja, mwanzo mpaka mwisho. Dakika ishirini. Miguu imechoka, mwanangu. Na mimi mwenyewe nimechoka."

"Basi ziuze."

Mnunuzi wa santuri kuukuu alikuja Jumapili iliyofuata na pikapu, maana siku nyingine alikuwa kazini. Alizikagua moja moja kwenye mwanga wa dirisha, akizishika kwa ukingo, huku marehemu akimsimulia kila moja aliinunulia wapi na bendi ile ilivunjika kwa ugomvi gani. Mnunuzi aliitikia kwa adabu.

"Huyu naye atakwenda nazo?" fundi aliuliza pembeni.

"Wote wanakwenda. Wanafuata jina, mama. Mtu akishaandika jina kwenye jalada, ndiyo imetoka hiyo. Kwangu ninao wanne. Mmoja hataki dirisha lifunguliwe."

"Na anayewageuzia ni nani?"

"Mke wangu. Si yuko tu nyumbani."

Fundi alimwonea huruma mwanamke yule asiyemjua, tena huruma ya kweli. Kisha akamwonyesha mnunuzi maboksi yalipo.

Marehemu alisimamia upakiaji. "Zisimamishe, usizilaze, zitapinda," alisema, halafu akapanda mbele, karibu na dereva. Alimpungia mkewe mkono kama alivyompungia kila alipokwenda safari. Gramafoni ilibaki, kwa kuwa kifuniko chake kilikuwa kimevunjika na mnunuzi hakuitaka.

Ilibaki pia santuri moja, ndani ya foronya. Hiyo fundi aliinunua mwenyewe kabla ya kuolewa, kwa ujira wa sare kumi na nne za shule. Wiki ya harusi mumewe aliikuta miongoni mwa vitu vyake, akaandika jina lake juu ya jalada kama kwenye nyingine zote, wala hakuwa na nia mbaya. Sasa fundi alijaribu kulifuta jina kwa spiriti, karatasi ikachubuka, wino ukabaki. Akakata kiraka cha kitambaa cha buluu na kukishona juu yake, kushona kule kwa mkono kusikoonekana uzi.

Jumapili, saa kumi, hakufungua mlango. Aliweka sindano akakaa. Kiti kilikuwa na shimo la mtu mwingine, lakini akatulia. Wimbo wa kwanza ulipita mistari yake miwili na ukaendelea, akaona ajabu jinsi ulivyokuwa mrefu. Wa pili ulikuwa wa harusi. Katika wa tatu, sauti ya mwanamke iliingia kati, nyembamba, haina haraka, na fundi akagundua kwamba miaka arobaini na mbili hakujua kama kwenye santuri yake kuna mwanamke anayeimba. Aliona uchungu, akaona na furaha, akashindwa kuvitenganisha. Aliinama ili asikie vizuri anasema nini.

Mlango ulifunguka. Mumewe alikuwa na vumbi mpaka magotini. Nyumba ya mnunuzi ilikuwa mbali, na alikuja kwa miguu.

"Hii mliisahau," alisema.

"Hatukuisahau. Hii ni yangu."

"Si jina langu liko?"

"Nimeshonea."

"Liko chini yake," alisema kwa upole, kama anavyosema mtu aliyeonyeshwa tiketi ya jana. "Kule wanaweka maziwa mengi mno. Chai yako siisahau."

Akasogea kukaa, na kiti kilikuwa tayari kitupu. Fundi hakukumbuka kusimama, miguu ilisimama yenyewe. Alikwenda jikoni kuwasha jiko. Wimbo wa nne ulianza wakati anatafuta kiberiti cha akiba, na wa tano maji yalipoanza kuvuma, na yule mwanamke alikuwamo katika zote mbili. Kutokea jikoni ngoma zilisikika vizuri. Maneno hayakusikika.