Sista Loisi Arudi Kazini

Jumatatu saa moja na nusu asubuhi, foleni ya kliniki ya watoto katika zahanati moja upande wa Mkonze ilikuwa imeshafika kwenye tangi la maji. Nesi Munira, mwenye ujauzito wa miezi saba, alikuwa akipanga kadi mezani Sista Loisi alipoingia. Walikuwa wamemzika sista huyo huko Mpwapwa siku ya Alhamisi. Gauni lake la kazi lilikuwa limefuliwa na kupigwa pasi, ila viatu vilikuwa na udongo mwekundu, akavipangusa mlangoni.

"Shikamoo, mama," alisema Munira.

"Marahaba, mwanangu. Mzani umeshautundika?"

"Bado."

"Tuutundike basi. Wenzetu wamesimama muda mrefu."

Watoto wakapimwa. Mama mmoja alimpa Loisi pole ya msiba, naye akashukuru.

Kwa miaka thelathini na moja Loisi aliwauguza wenye kifua kikuu uso mtupu, wala hakuwahi kukohoa. Aliamini kwamba ugonjwa humwingia anayeuogopa, na kila asubuhi alisali kabla ya kufungua dirisha la dawa. Korona ilipoingia, Munira alinunua barakoa karibu na kwao Majengo, akaivaa siku mbili. Loisi hakumkataza. Alimtazama tu kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu aliyevaa sweta juani, na Munira akaivua. Munira hakuwa na msimamo wowote kuhusu virusi. Imani yake ilikuwa kwa Loisi, aliyemfundisha kuutafuta mshipa wa mtoto mchanga kwa kidole huku akimwimbia.

Daktari Nathanaeli, mkuu wa zahanati, alikuwa amesoma kila waraka kuhusu ugonjwa ule na kuuamini. Lakini aliamini zaidi kwamba wagonjwa wakiona nyuso zimefunikwa watakimbia. Maboksi matatu ya barakoa aliyoletewa aliyafungia stoo. Loisi alipofariki, alilia sana, kisha akasema sista alikuwa na presha.

Kliniki ilipokwisha, Loisi alitoa mkobani barakoa mbili za kitenge. Moja akamvalisha Munira, nyingine akavaa mwenyewe. Ya Munira ilicheza kwa pumzi. Ya Loisi ilitulia.

"Mama, wewe tena ya nini?"

Loisi akavuta kiti. "Bibi yake Anyesi, yule niliyemfunga kidonda wiki ile nilipoanza kukohoa. Nimemkuta kule."

"Kumbe naye alifariki?"

"Siku mbili kabla yangu. Wala hakunilaumu. Alinisogezea kigoda, akaniuliza kama nimekula. Nilishindwa kukikalia."

Munira alimshika mkono. Ulikuwa wa baridi, lakini ulikuwa mkono uleule.

Mchana Loisi alikwenda kuomba ufunguo wa stoo.

"Zile ni za ukaguzi, sista," alisema Nathanaeli. "Wakija wakatukuta hatuna, itakuwaje? Halafu wagonjwa wameuzoea uso wako."

"Wamenizika, daktari, na hawajakimbia."

Nathanaeli alicheka, maana alimpenda kweli, akaurudisha ufunguo mfukoni.

Basi Loisi na Munira wakawa wanashona barakoa wenyewe, kwa mkono, kila walipopata nafasi. Wagonjwa hawakukimbia. Walimsalimia Loisi "Mbukwenyi" kama siku zote, wakanawa, wakavaa. Mzee Petro peke yake aligoma, akisema yeye amepita njaa tatu na hakufunga mdomo. Loisi aliinama, akamsimulia habari ya kile kigoda kwa Kigogo, polepole. Mzee alivaa, akaomba na ya mke wake.

Mwisho wa mwezi wakaguzi walifika. Nathanaeli alifungua maboksi, kila mtumishi akavaa barakoa mpya ya buluu, wakapigwa picha. Mkaguzi mmoja, mama mpole, alihesabu watumishi: watatu, wote wapo.

"Sista Loisi ni marehemu," Munira alimweleza. "Tuliomba tuletewe mtu."

Mkaguzi alimgeukia Loisi. "Pole sana, dada. Lakini kazini unafika?"

"Nafika."

"Basi nafasi haiko wazi," alisema mkaguzi, akaandika. Walipoondoka, maboksi yakarudi stoo.

Wiki tano baadaye uchungu ulimwanza Munira akiwa kazini. Loisi alimpima, akaita bajaji impeleke hospitali ya mjini. Munira alisita mlangoni, mkono kiunoni.

"Utabaki peke yako, mama. Hawaleti mtu."

"Nenda ukajifungue, mwanangu. Mimi sichoki tena."

Alimsindikiza hadi barabarani, akampandisha, kisha akamwambia dereva afunike mdomo. Dereva alisema atafunika mbele kidogo. Loisi alisimama mbele ya bajaji mpaka alipofunika.