Mahali Asipochimba

Ijumaa baada ya sala, Bi Mwanamkuu alitakiwa afike kwa chifu akaape kwamba ndiye aliyempokea Seifu alipozaliwa. Bendera mpya ya uhuru ilikuwa na mwaka wa pili, na Seifu alikuwa ameahidiwa ukarani wa forodha kule Lunga Lunga mpakani, mradi alete hati ya kuzaliwa upande huu. Hati hakuwa nayo. Baba yake alifia ugenini, na mama yake, Tumu, alifariki mtoto akiwa na miaka mitatu. Aliyebaki wa kumshuhudia ni mkunga aliyemlea, na mkunga mwenyewe ndiye huyu.

Kuapa hakukumtisha. Hadithi ile Kinondo nzima iliijua: mvua ya alfajiri, kibatari kinazimika kila mara, na Tumu anacheka katikati ya uchungu. Bi Mwanamkuu aliisimulia arusini, aliisimulia matangani, na hata aliyekuja kuuliza bei ya kuku aliondoka nayo. Lakini karani wa chifu alikuwa mtu wa maswali. Alitaka mwaka, nyumba, na nani mwingine alikuwepo. Basi Alhamisi asubuhi bibi akajifunga leso, akamwambia Seifu, "Twende, mwanangu, nikakumbuke."

"Huwezi kukumbuka papo hapo ulipokaa, bibi?"

"Nikikaa hunijia yale niliyozoea kuyasema tu. Inuka."

Ndivyo alivyojizoeza tangu ujana. Kusoma hakujua, na miaka ilimchanganya. Ila kila kondo la nyuma alilizika kwa mkono wake, uani kwa mzazi, la mtoto wa kiume kulia kwa mlango, la wa kike kushoto. Akitaka kumkumbuka mtoto alikwenda kusimama pale alipochimba, akangoja.

Walianza uani kwa kina Mwinga. "Hapa jembe liligonga jiwe likavunjika mpini, nikaazima la jirani yao Ziro. Ulikuwa mwaka wa nzige, hata mboga ya kumpikia mzazi ilikosekana." Seifu akatabasamu. Kwa kumbukumbu kama hiyo, karani angefunga mdomo.

Wakafika penye nyumba ya zamani ya Tumu. Bi Mwanamkuu akasimama kulia kwa mlango. Akangoja. Akasogea hatua moja, akaikanyagakanyaga ardhi, akazunguka mpaka kushoto, akarudi. Hakuna kilichokuja. Alijaribu kuisimulia ile mvua kwa sauti, na maneno yakatoka yote, mazuri, yamepangika. Lakini mkono wake haukukumbuka jembe.

"Umechoka, bibi. Turudi."

Njia ya kurudi ilipita uani kwa Kadzo, jirani, mwenye mtoto rika moja na Seifu. Pale, kulia kwa mlango, mvua ikamjia. Matope hadi vifundoni, kibatari kinazimika, na aliyekuwa akicheka ni Kadzo. Bi Mwanamkuu aliona aibu mpaka akaketi chini.

"Seifu," alisema, "mimi siye niliyekupokea ulipozaliwa. Ulikuja umebebwa, una siku arubaini. Mama yako alitoka na wewe Jasini, ng'ambo ya mpaka."

Seifu alimtazama kama aliyepigwa kofi. "Na ile hadithi?"

"Ya Kadzo. Mama yako alipokufa ulikuwa unalia kila jioni unamtaka, nami sikuwa na la kukupa. Nikakupa hiyo, ukanyamaza. Kesho yake ukaitaka tena. Mwanzo nilijua naongopa, mwanangu. Wallahi sijui ni mwaka gani nilipoacha kujua."

Seifu akasema kwa sauti ya chini, "Bibi, ni neno moja tu. Karani hajui, na Kadzo hatasema."

"Jana ningeapa, na nisingekuwa mwongo. Leo siwezi kuushika msahafu."

Seifu akaenda zake hatua kadhaa, ana hasira, na haki ya kukasirika alikuwa nayo. Miaka minane alikuwa ameitafuta kazi ile. Mlangoni pa ua alisimama. Alipogeuka, macho yalikuwa yamejaa machozi, na alilouliza halikuhusu kazi.

"Hiyo siku aliyokuja mama. Unaikumbuka?"

Bi Mwanamkuu hakuwa ameigusa siku ile kwa miaka ishirini na minane. Hakuwahi kumsimulia mtu, kwa hiyo ilikuwa bado nzima.

"Ilikuwa adhuhuri. Miguu imemvimba, mtoto kifuani. Hakunipa salamu, nikamwona hana adabu. Akakuweka mapajani pangu kwanza, akanyoosha mikono kama mtu aliyesahau inavyonyooka. Akasema, 'Nishikie, dada, nikusalimie vizuri. Tangu Jasini sijampa mtu amshike.'"

Seifu akarudi, akaketi chini kando yake. Hiyo ndiyo mara ya kwanza katika maisha yake kumsikia mama yake akisema.

"Sema tena, bibi."

Akasema tena, polepole, bila kuongeza neno.