Kitambaa cha Pasi

Fundi cherehani alikuwa na mazoea yaliyowachekesha majirani: kila noti aliyolipwa aliipiga pasi kabla ya kuipeleka benki. "Pesa iliyokunjamana inaonekana ya kuombwa," alipenda kusema, na juu yake alitandika kitambaa cheupe ili isiungue.

Asubuhi moja binti yake alikwenda benki kulipa ada ya chuo, maana ilikuwa siku ya mwisho. Alibeba noti ambazo mteja mmoja mgeni alimlipa fundi kwa magauni sita, zimefungwa ndani ya kitambaa kilekile. Moja ilisahaulika chini ya futi ya kupimia. Fundi alipoiona akaipitishia pasi hivyo hivyo, bila kitambaa.

Pasi ikanyanyuka na rangi. Noti ikabaki na doa jeupe katikati.

Noti bandia zilikuwa zimezagaa mtaani. Juzi tu jirani yake, mshona viatu, alikutwa na mbili, na mpaka leo mkewe anampelekea chakula mahabusu. Mbili tu! Binti alikuwa na kumi na tisa.

Hakufunga mlango, hakuvaa viatu. Alikimbia huku akipiga simu isiyopokelewa. "Mungu wangu, foleni iwe ndefu," aliomba, yeye aliyeilaani foleni ya benki hiyo kila mwezi.

Foleni ilikuwa fupi. Kupitia mlango wa kioo, uliokuwa wazi kidogo, alimwona binti yuko dirishani. Karani wala hakuzitazama noti. Alikuwa amekiinua kitambaa, na upande wa chini, ambao fundi hakuwahi kuukagua, zilionekana picha za noti zilizoachwa na joto la pasi, safu kwa safu, kama kazi ya mtambo.

"Hiki kitambaa cha nani?" karani aliuliza.

"Cha mama," binti alijibu kwa fahari. "Pesa zetu zote anazipitisha hapo, kwa mkono wake mwenyewe. Muulize yeyote mtaani."

Karani akapeleka mkono chini ya meza, taratibu. Mlinzi akaja kuufunga mlango, akamkuta mwanamke pekupeku.

"Tumefunga kwa sasa, mama. Rudi tu nyumbani."

Alitamani kurudi. Binti bado alikuwa akitabasamu, akisubiri risiti.

"Nifungulie, baba," akasema. "Mwenye hicho kitambaa ni mimi."