Kiti cha Mjomba Ödön

Kwetu nyama ya soseji haijazwi kwenye utumbo mpaka kaka yangu Ödön aionje. Kila Januari tukichinja nguruwe tunamsubiri yeye aseme kama chumvi na pilipili ya paprika zimetosha, ingawa mimi ndiye ninayepika mwaka mzima. Ndiyo desturi, na ninaichukia.

Mwaka huu alifika amechelewa, akanywa glasi yake ya pombe ya plamu, akakunja mikono ya shati. Binti yangu Boglárka alikuwa akichanganya nyama kwenye beseni. Alikuwa amepata nafasi ya kusoma mwaka mmoja nje ya nchi, Torino, kisha Brussels, makao makuu ya muungano wa Ulaya, ikasimamisha fedha za mfuko wa masomo. Mfuko huo nchi zote za muungano huuchangia, na masharti yake ni kufuata sheria: chuo ambacho bodi yake imejaa wanasiasa hakipewi mikataba mipya ya fedha. Ödön ni naibu waziri. Pia ni mjumbe wa bodi ya chuo cha Boglárka, tena bila ukomo wa muda.

Boglárka alimwomba ajiuzulu kwenye bodi. Ödön alisema Brussels inawaonea watoto, na kwamba yeye akitoka ataingizwa mwingine wa chama kilekile. Hapo hakudanganya. Kisha akashusha sauti, akaahidi kumlipia Torino mwaka mzima kutoka mfukoni mwake.

"Na wenzangu ishirini na sita waliokosa nafasi kama mimi, mjomba?"

"Siwezi kulea chuo kizima, mwanangu."

"Sikuombi ulee. Nakuomba utoke."

Ödön akacheka kidogo, akanitazama mimi, kama kawaida yake anapotaka nimtetee. Miaka yote nimemtetea. Nikaendelea kuosha utumbo.

Boglárka akasema basi anaacha chuo, ataanza upya Vienna, mwaka wa kwanza. Nilishtuka, maana hakuwa ameniambia.

"Unatupa miaka miwili yote?" Ödön alimuuliza. "Kwa sababu ya ukaidi tu?"

"Mimi natupa miaka miwili. Wewe kuacha kiti kimoja kumekushinda."

Ödön akachukua kijiko, akakirudisha mezani. Wanaume waliochinja nguruwe wakasubiri neno lake kuhusu chumvi. Nilichota nyama, nikaonja mwenyewe, nikawaambia wajaze. Kisha nikanawa, nikamshika Boglárka mkono, tukaingia ndani kuandika barua ya kuacha chuo.