Kashata za Mama Assia

Epiphanie alipohamia mtaa wa Buyenzi, Ramadhani ilikuwa imeshaanza. Alitoka Musaga, upande mwingine wa mji, alikoishi na mumewe mpaka mume akaamua kuishi na mwanamke mwingine. Nyumba aliyoipata ilikuwa ya vyumba viwili, na jiko likiwa uani. Mwenye nyumba alikuwa Khaled, fundi wa magari. Mama yake Khaled, Assia, ndiye aliyekaa humo hadi alipofariki mwaka uliotangulia. Epiphanie hakuulizia zaidi ya hapo. Nyumba ya kupanga siku zote ina waliokutangulia.

Alifanya kazi ofisini, mtaa wa Kigobe, na kurudi alasiri. Alasiri hizo ndipo alipoanza kuisikia ile harufu: sukari ikiyeyuka motoni, karanga za kukaangwa, halafu tangawizi. Mate yalimjaa kinywani. Alidhani ni jirani anapika, akatoka uani kuangalia, lakini nje harufu ilipotea. Aliporudi jikoni aliikuta, tena imekolea zaidi. Makaa yake mwenyewe yalikuwa baridi. Kisha, sukari ilipokaribia kuiva, harufu ilikatika ghafla, kama mtu kafunga mlango.

Akasali rozari. Akanyunyiza maji ya baraka kwenye kuta. Kesho yake harufu ikarudi saa ileile.

Alimwendea Mwantum, mama mtu mzima wa nyumba ya pili, aliyekuwa amekaa barazani akichambua mchele wa futari.

"Mama Mwantum, nani anapika sukari hapa na tangawizi?"

Mwantum aliweka ungo chini. "Unasikia tangawizi?"

"Kila siku. Mule jikoni."

"Ni kashata za Assia hizo," Mwantum alisema polepole. "Alizipika Idi tu. Ukimuomba siku nyingine anakwambia, ngoja mwezi uandame. Avenue muzima, barabara yote hii, tulizingoja, sisi na nyie Wakristo. Na mutoto wake Khaled, mutu mzima na ndevu zake, alikuja kukwangua sufuria kama mutoto mudogo." Akauchukua tena ungo. "Alikufa akizipika, mkesha wa Idi. Khaled alikuja kufuturu kwake, akakuta moshi umejaa, sukari imeungua, mama yake kalala chini. Toka siku ile Khaled hagusi kitu kitamu. Hata chai anakunywa bila sukari."

Usiku ule Epiphanie alifikiria kurudi Musaga, kwa dada yake. Asubuhi hakwenda. Alasiri alijikuta anaharakisha kurudi nyumbani.

Siku hiyo harufu ilipokatika, aliona jiwe bapa lililokuwa karibu na dirisha linang'aa mafuta. Aliligusa. Lilikuwa na joto, na kidole kilinata. Alikitazama kidole chake, kisha akakilamba. Utamu ulimshika mpaka kooni, na nyuma ya utamu palikuwa na ukali fulani wa kitu kichachu. Alikaa chini akalia, wala hakujua analilia nini.

Akampigia Khaled simu.

Khaled alikuja akiwa bado na grisi mikononi, akidhani mpangaji ana malalamiko. Epiphanie alimweleza kuhusu ile harufu. Khaled aliingia jikoni, akasimama katikati, akavuta pumzi. Saa yenyewe ilikuwa imefika na harufu ilikuwa imejaa mpaka Epiphanie alihisi kizunguzungu.

"Mi sisikii kitu," Khaled alisema.

"Iko hapa. Sasa hivi zinaingia karanga."

"Mi ndiye mutoto wake, madamu. Anakuja kwako, mutu asiyemjua, mi ananiacha?"

Epiphanie alimwambia tu kuhusu lile jiwe, na ladha aliyoionja, na ule uchachu mwishoni.

Khaled aligeuka. "Ndimu," alisema. "Alikuwa anakamulia ndimu. Dada zangu walijaribu kupika msiba ulipoisha, ikawashinda. Mi nilisahau kuwaambia ndimu."

Alikaa kwenye kigoda akatazama mikono yake.

"We unasikia kila kitu, kimoja kimoja?"

"Kimoja kimoja."

"Basi nionyeshe."

Mkesha wa Idi, alasiri, Khaled alileta sukari, karanga, tangawizi na ndimu, akawasha makaa. Epiphanie alikaa mlangoni na kufumba macho. Harufu ilipokuja, alianza kusema.

"Sukari imeingia. Maji kidogo tu. Usikoroge bado."

Khaled alifuata.

"Karanga. Tangawizi sasa, nyingi kuliko hiyo. Koroga."

Wakaenda hivyo, mmoja akinusa na mwingine akikoroga, hadi pale ambapo kila siku harufu ilikatika. Safari hii haikukatika. Ilipita. Ikawa kali, ikawa chungu, ikamwingia machoni.

"Inaungua," Epiphanie alisema.

"Yangu haijaungua."

"Ya kwake. Khaled, inaungua."

Khaled aliinua kichwa, na Epiphanie akamwona usoni kwamba sasa na yeye anaisikia. Ilikuwa ni ile harufu ya siku ile. Aliutazama mlango kana kwamba anataka kukimbia, lakini akainama, akakamulia ndimu ndani ya sufuria yake, akaipua na kuimimina juu ya jiwe.

"Mama," alisema, "nimeshaipua. Angalia, haikuungua. Pumzika sasa."

Uchungu ule ulibaki hewani kwa kitambo, halafu ukaondoka. Ilibaki harufu moja tu, ya kashata zinazopoa. Khaled alichukua kisu akazikata kabla hazijaganda. Kisha akachukua kijiko, akakwangua sufuria, akala huku machozi yakimtiririka kwenye ndevu.

Asubuhi ya Idi, baada ya swala, alisimama mlangoni na sinia, akagawa. Watu walipokea, wakaonja. Mwantum alitafuna taratibu. "Assia alikata vipande vikubwa zaidi," alisema, akachukua kingine.

Juma lililofuata Epiphanie alirudi kutoka Kigobe saa ileile. Jikoni kulikuwa na harufu ya sabuni na makaa. Aligusa jiwe, lilikuwa baridi. Alisimama akangoja, mpaka adhana ya magharibi ikalia na giza likaanza kuingia. Hapo ndipo alipouhisi upweke ambao hakuwa ameuhisi tangu atoke Musaga. Mtu aliyekuwa akimngoja nyumbani kila siku alikuwa ameondoka, na yeye hakuwahi hata kumwona sura.